Pua za Viumbe na Saratani Iliyojificha

Mwezi Aprili mwaka 1989, madaktari wawili wa jijini London, Hywel Williams na Andres Pembroke, walichapisha barua fupi katika jarida la kitabibu la The Lancet. Walieleza habari za mwanamke wa miaka 44 ambaye mbwa wake, chotara wa border collie na doberman, alikuwa hachoki kunusa doa moja lililokuwa mguuni mwake. Madoa mengine ya mwilini hakuyajali. Hilo moja alilinusa hata kupitia kitambaa cha suruali, na mama huyo alipovaa kaptula mbwa alijaribu kuling'ata aling'oe. Kero hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali. Doa lilipokatwa na kupimwa lilikutwa ni melanoma, saratani ya ngozi ambayo huua ikiachwa ipenye ndani, na waandishi wa barua waliona kwamba huenda mbwa huyo aliokoa maisha ya mwenyewe kwa kumsukuma atafute tiba ugonjwa ungali katika hatua ya kutibika.

Tukio la mtu mmoja na mbwa mmoja halithibitishi jambo, na madaktari hao walilijua hilo, ndiyo maana kichwa cha barua yao kiliwekewa alama ya kuuliza. Hata hivyo swali lao limeishi kwa zaidi ya miaka 35, na limetoka kwa mbwa likafika kwa minyoo, sisimizi, nzige na nyuki. Nimelifuatilia kwa matumaini na kwa wasiwasi pia. Ninachokiamini baada ya kusoma ni kwamba harufu ya saratani ipo kweli, kwamba viumbe kadhaa huinusa kwa namna ambayo pua ya binadamu haiwezi, na kwamba sehemu kubwa ya ugumu uliobaki imo katika jinsi sisi tunavyowauliza viumbe hao na jinsi tunavyolisoma jibu lao.

Kwanza, kwa nini saratani inuke? Seli iliyogeuka kuwa ya saratani haitumii chakula kama jirani zake. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za uvimbe huvunja sukari kwa kasi kubwa na kutoa asidi ya laktiki hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Zaidi ya hapo, mafuta yanayojenga kuta za seli hushambuliwa na molekuli kali za oksijeni, na mabaki ya mashambulizi hayo ni kemikali nyepesi zinazogeuka mvuke kwa urahisi, zikiwemo zile za jamii ya alkani na aldehidi. Kemikali hizo huingia katika damu. Zikifika mapafuni hutoka na pumzi, zikifika kwenye figo hutoka na mkojo, na nyingine huishia katika jasho na kinyesi, kwa hiyo uvimbe ambao hauonekani kwa jicho wala kugusika kwa mkono unaweza kuwa umeshaacha alama yake nje ya mwili.

Alama hiyo si rahisi kuisoma. Mwaka 1971 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba ndani ya pumzi ya binadamu mna takriban aina 250 za kemikali zenye asili ya mvuke, na vifaa vya leo vimeonyesha kwamba idadi hiyo ni kubwa zaidi. Karibu zote zimo pia katika pumzi ya mtu mwenye afya. Kinachobadilika mgonjwa anapokuwa na saratani ni viwango na uwiano: hii imezidi kidogo, ile imepungua, na nyingine tatu zimepanda kwa pamoja. Watafiti wametafuta kwa miongo mingi kemikali moja ambayo ikionekana tu mtu aambiwe ana saratani, na hawajaipata.

Hapo ndipo pua inapokuwa na nafasi ya pekee. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel waligundua kundi kubwa la jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Tangu hapo imefahamika kwamba kipokezi kimoja huitikia kemikali nyingi, na kemikali moja huamsha vipokezi vingi, kisha ubongo huusoma mpangilio mzima wa vipokezi vilivyoamka. Pua haihesabu kemikali moja moja. Inatambua sura ya mchanganyiko, jinsi mama anavyokitambua kilio cha mwanawe katikati ya watoto wengine wanaolia. Binadamu ana takriban jeni 400 za aina hiyo zinazofanya kazi, na mbwa ana takriban 800, lakini tofauti haiishii kwenye jeni. Mbwa ana seli za kunusa zaidi ya milioni 100, sisi tuna milioni chache. Tena anapotoa hewa huipitisha kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua, na mkondo huo husaidia kuvuta hewa mpya yenye harufu, kwa hiyo hewa anayoitoa haiifukuzi harufu anayoifuata.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa Uingereza mwaka 2004 katika British Medical Journal na Carolyn Willis na wenzake. Walifundisha mbwa sita kutambua mkojo wa watu wenye saratani ya kibofu, kisha kila mbwa akawekewa sampuli saba, moja tu ikiwa ya mgonjwa. Kubahatisha kungewapa asilimia 14. Mbwa walipatia mara 22 kati ya 54, yaani asilimia 41. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna daktari angeitumia kuamua jambo lolote, na nawaheshimu waandishi kwa kuichapisha ilivyo. Inatosha kuonyesha kwamba mbwa hawakuwa wanabahatisha.

Lakini ndani ya mafunzo hayo kulitokea jambo ambalo limenikaa moyoni. Sampuli mojawapo ilikuwa ya mtu aliyechukuliwa kuwa hana saratani, na vipimo vya kawaida vilikuwa vimeonyesha hivyo. Mbwa wote waliichagua. Wakafundishwa upya waipite, wakaendelea kuichagua. Hatimaye daktari aliagiza mtu huyo achunguzwe zaidi, na ikabainika kwamba alikuwa na saratani kwenye figo ya kulia. Ninapokisoma kisa hiki sioni muujiza. Naona jinsi kosa la mbwa na kosa la orodha yetu yanavyofanana kabisa tukiyatazama kwa nje, kwa sababu kama daktari yule asingefuatilia, mbwa wale wangeandikiwa alama ya kushindwa na mtu yule angerudi nyumbani akiamini yu mzima.

Baada ya hapo zilikuja takwimu za kuvutia mno. Mwaka 2006 watafiti wa California waliripoti kwamba mbwa watano wa kawaida wa nyumbani, waliofundishwa kwa wiki chache, walitambua saratani ya mapafu kwa kunusa pumzi kwa usahihi wa asilimia 99. Mwaka 2011 Wajapani wakiongozwa na daktari mpasuaji Hideto Sonoda walieleza juu ya mbwa mmoja wa aina ya Labrador ambaye, katika saratani ya utumbo mpana, alipatia mara 33 kati ya 36 kwa pumzi na mara 37 kati ya 38 kwa kinyesi. Nchini Italia mwaka 2015 mbwa wawili majike walipewa mkojo wa wanaume 362 wenye saratani ya tezi dume na wa watu wengine 540, na usahihi wao ulikaribia kutokuwa na kosa.

Nilipozisoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza nilijiuliza, kama huenda msomaji anavyojiuliza sasa, kwa nini basi kila hospitali haina mbwa. Jibu linaanza kuonekana katika majaribio yaliyofeli, ambayo huandikwa kwa nadra magazetini. Mwaka 2014 kundi la Elliker huko Uingereza lilieleza jinsi mbwa waliofundishwa kunusa saratani ya tezi dume walivyofanya vizuri mafunzoni kisha wakaporomoka walipopewa sampuli za watu ambao hawajawahi kuwanusa. Walichokuwa wamefanya ni kukariri. Kila mtu ana harufu yake, na mbwa mwenye akili hujua upesi kwamba kukumbuka harufu ya watu thelathini au arobaini ni rahisi kuliko kutafuta kitu kimoja kinachowaunganisha wote. Ili kumfundisha saratani yenyewe zinahitajika sampuli mpya kwa mamia, za wagonjwa na za wasio wagonjwa wa umri uleule, kutoka hospitali ileile, zilizokusanywa na kuhifadhiwa kwa njia ileile. Bila hivyo mbwa anaweza kujifunza harufu ya dawa, ya friza ya maabara, au ya chumba ambamo wagonjwa hukaa.

Jaribio jingine, la Austria, lililochapishwa mwaka 2016, liligusa jambo ninaloliona kuwa zito zaidi. Hapo hakuna aliyekuwa karibu na mbwa aliyejua sampuli ipi ni ya mgonjwa, wala mwongozaji wala msaidizi, jinsi hali inavyokuwa katika upimaji wa kweli. Matokeo yalikuwa mabaya, hasa katika kuwatambua watu wazima wa afya. Mbwa hufanya kazi kwa ujira wa chakula au mchezo, na ujira unahitaji mtu anayejua jibu. Katika kliniki hakuna anayelijua jibu. Ndiyo sababu ya kupima. Tena kati ya mamia ya watu wasio na dalili wagonjwa ni wachache sana, kwa hiyo mbwa atanusa sampuli nyingi mno bila kupata alichofundishwa kukitafuta, na mnyama asiyepata chochote huchoka, au huanza kuonyesha sampuli yoyote ili amridhishe anayemwongoza. Mara nyingi matatizo haya hutajwa katika aya ya mwisho ya ripoti za utafiti. Mimi ningeyaweka ya kwanza.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya ovari. Dalili zake zilikuwa tumbo kujaa na kushiba haraka, mambo ambayo mwanamke yeyote huyapata bila kuwa na ugonjwa wowote mkubwa, na ilipogunduliwa ilikuwa imeenea tumboni. Saratani hiyo haina hadi leo kipimo kilichothibitishwa kupunguza vifo kwa wanawake wasio na dalili. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya aina moja au nyingine, na milioni 9.7 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa saratani ya utumbo mpana, mgonjwa ambaye uvimbe wake haujatoka mahali ulipoanzia ana nafasi ya takriban 9 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka mitano, ilhali aliyegunduliwa ikiwa imeshasambaa hadi viungo vya mbali ana nafasi ya chini ya 1 kati ya 5. Anayezijua tofauti hizi hawezi kulipuuza wazo la kunusa mkojo, hata kama ni wazo la ajabu.

Wazo lililokwenda mbali zaidi kibiashara ni la mnyoo. Anaitwa Caenorhabditis elegans, ana urefu wa takriban milimita moja, huishi kwa wiki chache, na mwili wake wote una neva 302 tu. Sydney Brenner ndiye aliyemfanya kuwa mnyama wa maabara kuanzia miaka ya 1960. Hana macho wala masikio, lakini ana jeni zaidi ya 1,000 za vipokezi vya kemikali, wingi unaomshinda hata mbwa, kwa maana maisha yake yote hutegemea kunusa bakteria wanaolika na kuwakwepa wanaodhuru. Nchini Japani madaktari walikuwa wameona kwamba viluwiluwi vya mnyoo mwingine, Anisakis, anayeingia tumboni kwa samaki mbichi, wakati mwingine hukutwa vimejishikiza hasa pale penye saratani ya tumbo. Takaaki Hirotsu wa Chuo Kikuu cha Kyushu, akishirikiana na yule daktari Sonoda wa jaribio la Labrador, alijiuliza kama C. elegans naye huvutwa na harufu hiyo.

Jaribio lenyewe ni rahisi kiasi cha kupendeza. Tone la mkojo uliozimuliwa huwekwa upande mmoja wa kisahani, minyoo kadhaa huachiwa katikati, kisha huhesabiwa wangapi wameusogelea mkojo na wangapi wameukimbia. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya watu 242, kati yao 24 wakiwa na saratani. Minyoo walisogelea mkojo wa wagonjwa 23 kati ya 24, na waliukwepa mkojo wa asilimia 95 ya wasio na saratani. Minyoo waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya kunusa hawakuweza kutofautisha, jambo lililothibitisha kwamba harufu ndiyo inayowaongoza. Ujira hauhitajiki, mafunzo hayahitajiki, wala hakuna wa kumridhisha. Yale matatizo ya mbwa niliyoyataja hapo juu mengi yanaondoka, na nakiri kwamba nilifurahi sana nilipolielewa hilo.

Lakini tuifanyie hesabu asilimia hiyo 95. Tuchukue watu 1,000 wasio na dalili yoyote, na tuseme watano kati yao wana saratani ambayo haijagunduliwa. Kipimo kitawapata wote watano, au wanne. Kati ya wale 995 wengine, asilimia 5 wataambiwa kimakosa kwamba wako hatarini, nao ni watu 50 hivi. Barua 55 zitatumwa, na 50 zitawafikia watu wazima wa afya. Tena minyoo hao huitikia saratani za viungo vingi, kwa hiyo barua haisemi tatizo liko kwenye ini, utumbo au titi. Mtu huyo aanzie wapi? Atapigwa picha za mwili mzima, ataingizwa kamera tumboni, atakatwa vipande vya nyama vikapimwe, na hata baada ya yote hayo kutoonyesha kitu ataendelea kulala na hofu, kwa sababu hakuna awezaye kumthibitishia kwamba mnyoo alikosea.

Hirotsu alianzisha kampuni, na kipimo hicho kinachoitwa N-NOSE kimekuwa kikiuzwa kwa umma nchini Japani tangu mwaka 2020. Madaktari wa huko wanaosimamia upigaji wa picha za PET, zinazotumika kutafuta saratani ndani ya mwili, wameeleza hadharani wasiwasi wao kuhusu watu wanaofika kwao na majibu ya hatari kubwa, na kampuni imeyapinga madai dhidi yake. Msimamo wangu ni kwamba kipimo cha namna hii kilipaswa kwanza kupitia jaribio kubwa la watu wasio na dalili, likisimamiwa na wasio na maslahi ya mauzo, ndipo kiuzwe. Watu 24 wenye saratani ni mwanzo mzuri wa utafiti. Ni msingi mdogo mno wa kumwambia mtu aliye nyumbani kwake kwamba ana, au hana, saratani.

Hata kupatia kunaweza kuleta madhara, na hili husahaulika. Korea Kusini ilipoanza kuwapima watu wengi tezi ya shingo kwa picha za mawimbi ya sauti, saratani zilizogunduliwa za tezi hiyo ziliongezeka mara 15 kati ya mwaka 1993 na 2011, lakini vifo havikupungua. Zilikuwa saratani kweli, ila nyingi zisingemdhuru mtu maishani mwake, na maelfu walikatwa tezi na kubaki wakinywa dawa kila siku. Pua kali mno inaweza kutupeleka njia hiyohiyo.

Viumbe wengine nitawapitia kwa kifupi. Nchini Ufaransa mwaka 2022, sisimizi wa aina ya Formica fusca walifundishwa kwa maji ya sukari kuihusisha harufu ya seli za saratani zilizooteshwa maabara na chakula, na mazoezi matatu yaliwatosha. Mwaka uliofuata waliweza kutofautisha mkojo wa panya wenye uvimbe wa saratani ya titi ya binadamu na wa panya wasio nao. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Debajit Saha na wenzake wamechomeka nyaya ndogo katika ubongo wa nzige na kusoma moja kwa moja jinsi neva zinavyoitikia harufu ya seli za saratani ya kinywa, kisha wakafanya vivyo hivyo kwa nyuki na saratani ya mapafu. Hapo mdudu haulizwi achague kitu. Mashine husoma pua yake. Njia hiyo inanivutia, ingawa bado iko mbali na mgonjwa.

Mfano ambao ningependa watafiti wa saratani wautazame zaidi unatoka kwenye ugonjwa mwingine. Shirika la APOPO, lenye kituo chake Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hutumia panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Sampuli hizo kwa kawaida zimeshapimwa kliniki, na panya huzirudia ili kuwapata waliopitwa. Wanayoionyesha hurudishwa maabara ithibitishwe kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote. Baadhi ya sampuli wanazopewa zinajulikana kuwa na vijidudu, kwa hiyo ujira unapatikana na panya hawakati tamaa. Maelfu ya wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana kifua kikuu wamepatikana kwa njia hiyo. Nguvu ya mpango huo ni kwamba kipo kipimo cha pili, cha bei nafuu na cha uhakika, kinachoweza kusema panya amepatia au amekosea. Saratani nyingi za ndani hazina kipimo cha pili cha namna hiyo, na ovari ni mojawapo.

Ndiyo maana natazama kwa makini kazi inayofanyika Philadelphia, ambako kituo cha mbwa wa kazi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimewashirikisha wanakemia na wanafizikia katika saratani ya ovari. Mbwa huonyesha kwamba damu ya mgonjwa ina harufu tofauti, wanakemia hutafuta ni kemikali zipi zinazoileta, na wanafizikia hutengeneza kifaa cha vihisio kitakachoisoma bila kuchoka wala kudai ujira. Kifaa kinaweza kurekebishwa, kulinganishwa na kingine, na kupelekwa mahali pengi. Ningependa kifaa hicho kikikamilika kijaribiwe kwa njia ngumu kuliko zote: damu ichukuliwe kwa maelfu ya wanawake wasio na dalili, majibu yafungiwe, wanawake hao wafuatiliwe kwa miaka, kisha ionekane kama kiliwatambua wale walioumwa baadaye, na kama waliotambuliwa mapema waliishi zaidi. Ni kazi ya gharama na ya subira, na sijui njia fupi inayoweza kushika nafasi yake.

Kwa sasa, ndugu au rafiki akiniuliza kama anunue kipimo cha kunusa mkojo, humwuliza kwanza kama ameshafanya vipimo ambavyo tayari vimethibitishwa kwa umri wake: cha mlango wa kizazi, cha damu iliyojificha katika choo, cha matiti. Mara nyingi hajafanya. Humwomba aanze na hivyo, na asikubali kamwe kuviacha kwa sababu minyoo wameukwepa mkojo wake. Na kama tumbo lake limejaa kwa wiki kadhaa bila sababu, aende kwa daktari wiki hii, hata kama majibu ya harufu yamesema yuko salama.